Kuazima Hoja ya Mpinzani

Mtu akilichukua neno lako akalitamka kwa kinywa chake, amekutukuza au amekuibia? Katika ushairi wa pwani yetu swali hili lina jawabu la kale, nalo ni jawabu la adabu. Mtunzi wa takhmisi huzichukua beti za mwenzake, akatanguliza mistari mitatu ya kwake juu ya ile miwili aliyoikuta, na watunzi wote wawili wakabaki wakijulikana. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipozitia takhmisi beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, hapana aliyedai kwamba Liyongo kaporwa. Waama, wengi wetu tumemjua Liyongo kwa sababu ya mkono ule uliomwongezea. Aliyekopa alikubali kufungwa na vina na mizani ya aliyemkopa. Hakuweza kuubakisha mstari mmoja ulionpendeza na kuutupa wa pili uliomchoma.

Siasa haina sanaa hiyo. Mwanasiasa huazima bila ya kutaja, na huazima nusu. Nataka tulitazame jambo hili katika kisa kimoja kilichotokea Marekani, kwa kuwa kisa chenyewe kiko wazi, tarehe zake zinajulikana, na wahusika wake walisema hadharani. Nacho ni kisa cha Ron Paul, daktari wa uzazi kutoka Texas, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1935 na kuingia kwa mara ya kwanza katika Baraza la Wawakilishi la nchi yake mwaka 1976.

Mtu huyu alikuwa mgeni ndani ya chama chake. Alikihama Chama cha Republican, na mwaka 1988 akagombea urais kwa tiketi ya Walibertari, akapata kura zipatazo 432,000, chini ya nusu ya asilimia moja. Kisha akarudi. Itikadi yake ni ile isemayo kwamba kila mtu ndiye mmiliki wa nafsi yake na jasho lake, na kwamba serikali haina haki ya kumtendea raia jambo ambalo, lau angetendewa na jirani, tungeliita wizi au ujeuri. Kwa ajili ya itikadi hiyo alipiga kura ya hapana mara nyingi mno hata wenzake wakambandika jina la Daktari Hapana. Mwezi wa Oktoba 2001, sheria ya kuipa serikali mamlaka makubwa ya upelelezi ilipopita kwa kishindo, alikuwa mmoja wa wabunge watatu tu wa chama chake katika Baraza hilo walioikataa. Mwaka mmoja baadaye, ilipopigwa kura ya kuruhusu vita vya Iraq, walikuwa sita, naye alikuwemo.

Lakini jambo lililomkaa moyoni zaidi ya yote lilikuwa pesa. Alisema mwenyewe kwamba kilichomwingiza katika siasa ni tarehe 15 Agosti 1971, siku Rais Nixon alipoivunja ahadi ya kuzibadilishia serikali za nje dola zao kwa dhahabu, wakia moja kwa dola 35. Tangu siku hiyo dola haikusimama juu ya kitu ila neno la serikali. Msomaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa sana. Wazee wa Unguja waliizoea riale ya Maria Theresa, sarafu iliyoendelea kuchapwa miaka mingi baada ya malkia mwenyewe kufariki, nayo daima imebeba mwaka ule ule wa 1780. Aliyeipokea dukani hakuuliza ni serikali ya nani iliyo nyuma yake. Aliutazama uzito wake. Hata lugha yetu imeihifadhi kumbukumbu hiyo, maana neno fedha ni madini, na ni pesa vilevile. Ron Paul alitaka pesa ya namna hiyo, ambayo mtawala hawezi kuizidisha kwa amri. Na kwa kuwa Benki Kuu ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1913, ndiyo yenye uwezo wa kuizidisha, alitaka kwanza ikaguliwe hesabu zake zote, kisha ifungwe. Mwaka 2009 alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilikuwa ni wito wa kuikomesha benki hiyo.

Tuseme hapa, kwa uadilifu, kwamba hata yeye aliazima. Hoja hizi hakuzizua. Alizipata kwa Ludwig von Mises, mwanauchumi wa Austria aliyehamia New York mwaka 1940, na kwa wanafunzi wa mwanazuoni huyo. Tofauti ni kwamba aliwataja, tena bila kuchoka, mbele ya umma ambao aghalabu haukuwa umepata kuyasikia majina hayo. Ilikuwa takhmisi halali.

Alipogombea uteuzi wa chama chake katika uchaguzi wa mwaka 2008, alipokelewa kama mzee wa vichekesho. Vijana walimpenda, tarehe 16 Disemba 2007 wafuasi wake walimchangia kiasi cha dola milioni 6 kwa siku moja, jambo ambalo lingepaswa kumshtua kila mtu. Wapinzani wake walicheka tu. Benki Kuu! Nani amewahi kushinda uchaguzi kwa kuzungumzia Benki Kuu?

Kisha likaja anguko. Mwezi wa Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilianguka, na kufika mwisho wa mwaka Benki Kuu ilikuwa imeipanua mizania yake kutoka chini ya dola trilioni moja hadi zaidi ya trilioni mbili, ili kuyaokoa mabenki. Mtu aliyepoteza nyumba yake Ohio au Nevada aliona kwamba kuna pesa inayopatikana kwa wengine kwa kalamu tu. Ghafla, yule mzee wa vichekesho akawa mtu aliyesema kabla. Mswada wake wa ukaguzi, ambao hapo zamani ulikuwa hauwavutii ila wachache, mwaka 2009 uliungwa mkono kwa saini na zaidi ya wabunge 300 kati ya 435.

Hapo ndipo wapinzani walipoanza kujifunza msamiati wake. Mwezi wa Agosti 2011, Rick Perry, gavana wa Texas, alisema huko Iowa kwamba kuchapisha pesa zaidi kwa ajili ya siasa ni jambo linalokaribia uhaini. Herman Cain, ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa mwenyekiti wa bodi ya tawi la Benki Kuu la Kansas City, na aliyewahi kuuona ukaguzi hauna haja, alijikuta katika mdahalo wa Oktoba akisema hana pingamizi nao. Mwezi wa Januari 2012, huko South Carolina, Newt Gingrich akaahidi kuunda tume ya kuchunguza uwezekano wa kurejea kwenye dhahabu. Hata Mitt Romney, mtu wa mabenki na makampuni, alipoulizwa mwaka huo kama anataka Benki Kuu ikaguliwe alijibu kwamba ndiyo. Tarehe 25 Julai 2012 Baraza la Wawakilishi likaupitisha mswada wa ukaguzi kwa kura 327 dhidi ya 98.

Je, huku si kushinda? Wako wanaosema hivyo, na hoja yao si dhaifu. Fikra, wanasema, si shamba. Aliyeivuna hamwachii mwenziwe shamba tupu. Ukinipa fikra yako, wewe hujapungukiwa na mimi nimetajirika. Tena wako miongoni mwa Walibertari wenyewe wasiokubali kabisa kuwepo kwa hakimiliki ya maandishi na uvumbuzi, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kanuni hizo Ron Paul hakuwa na la kudai. Na mwanahistoria Richard Hofstadter alikwisha kuvifananisha vyama vidogo vya Marekani na nyuki, ambaye akishauma hufa: kazi yake ni kuuma, na mwenye kuumwa ndiye atakayebaki na sumu mwilini. Norman Thomas aligombea urais mara sita kwa tiketi ya Wasoshalisti, kuanzia 1928 hadi 1948, asishinde hata mara moja. Na bado mengi aliyoyapigania, kama vile pensheni ya uzeeni na posho ya asiye na kazi, yakawa sheria chini ya Roosevelt. Mzee aliyepokea pensheni hiyo hakupungukiwa na kitu kwa kutomjua Thomas.

Nakubali kwamba katika fikra hakuna wizi kwa maana ya kunyang'anya. Lakini sidhani kwamba hapo ndipo penye shida. Shida haiko katika jina la mwenye hoja. Iko katika hoja yenyewe, na namna inavyokatwa wakati wa kuazimwa.

Kwa Ron Paul, habari ya Benki Kuu na habari ya vita ilikuwa habari moja. Kwa nini, aliuliza, serikali inaweza kupigana vita vya miaka kumi katika nchi za mbali bila raia kuandamana kila siku? Kwa sababu hailazimiki kumwendea raia na bakuli la kodi. Ingelimwendea, angeuliza vita vinagharimu kiasi gani na vina faida gani. Benki Kuu inapozizaa pesa, gharama ya vita humfikia raia baadaye, kidogo kidogo, kwa sura ya bei kupanda sokoni. Naye huilaumu duka badala ya kumlaumu waziri. Basi mwenye kutaka kuifunga mikono Benki Kuu anataka kuifunga mikono ya mwenye kupigana. Mtu anaweza kuipinga hoja hii, na wanauchumi wengi wanaipinga. Kuwa na dhahabu hakujawahi kuwazuia wafalme kupigana, na dola kuu za Ulaya ziliiacha dhahabu mwaka 1914 mara tu walipoihitaji vita zaidi. Lakini ni hoja nzima. Ina kichwa na ina miguu.

Waazimaji walichukua kichwa. Tarehe 16 Januari 2012, katika mdahalo wa Myrtle Beach, South Carolina, Ron Paul alisema kwamba Marekani ifuate katika mambo ya nje ile kanuni ya dhahabu, yaani isiwatendee watu wa mataifa mengine jambo ambalo yenyewe isingependa kutendewa. Ukumbi ukamzomea. Hili lilikuwa jimbo la waumini wa Kikristo, watu wanaokifunza kifungu hicho watoto wao siku za Jumapili, na kifungu chenyewe kiko katika Injili. Kwetu sisi Waislamu maana yake imo katika hadithi inayojulikana sana, kwamba haamini mmoja wenu mpaka ampendelee ndugu yake anachojipendelea nafsi yake. Wakakizomea. Na katika mwezi huohuo, jimbo hilohilo, Gingrich aliahidi tume ya dhahabu akashangiliwa. Tarehe 21 akashinda kura za mchujo za jimbo hilo, na Ron Paul akawa wa nne kwa asilimia 13. Dhahabu ilikubalika, kanuni ya dhahabu ikakataliwa. Sijui mtungaji wa tenzi angeweza kubuni jambo lililokaa sawasawa zaidi kuliko hilo.

Basi ndivyo ninavyoona mimi: kuazima kwa haki hujulikana kwa jambo moja, kama mwazimaji amekubali kufungwa na kile alichokiazima. Hoja yoyote ya kimaadili ina sehemu inayompa mtu silaha dhidi ya wengine na sehemu inayomkataza yeye mwenyewe. Sehemu ya kwanza ni tamu na haina gharama. Kusema mwaka 2012 kwamba Benki Kuu ni mhalifu hakukumgharimu mgombea hata kura moja, kulimpa kura. Kusema kwamba basi vita vyetu navyo vimepigwa kwa pesa ya udanganyifu, kungemgharimu. Waliichukua hoja ikiwa mpini bila shoka, wakaibeba begani, ikawa inaonekana kwa mbali kama shoka.

Naye Ron Paul asifanywe walii. Kanuni hiyohiyo ukimpimia, haitoki safi. Alikuwa akiombea jimbo lake mafungu maalumu ya fedha za serikali ndani ya miswada, kisha akaipigia miswada hiyohiyo kura ya hapana, akijua itapita. Akabaki na fedha na akabaki na usafi. Utetezi wake ulikuwa kwamba anawarudishia watu wake kodi yao. Na liko jambo zito zaidi: majarida yaliyotolewa kwa jina lake katika miaka ya 1980 na 1990 yalikuwa na maneno ya kuwadhalilisha watu weusi. Alisema hakuyaandika, na kwamba alikuwa na makosa kwa kutoyasimamia. Sisi tunaosoma kutoka pwani hii ya Afrika hatuwezi kulipita jambo hilo kimyakimya. Mtu anayesema kwamba kila mmoja ni mmiliki wa nafsi yake, ilhali jina lake linauza maneno hayo, naye amebeba mpini. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba ugonjwa wa kuchukua nusu si wa watu wakubwa peke yao, na kwamba mwenye hoja anaweza kuwa wa kwanza kuikata.

Hata hivyo iko tofauti ya kutosha kati yake na walioazima. Hoja yake ya vita ilimtia hasara mara kwa mara, na hakuiacha. Kwenye mkutano mkuu wa chama mjini Tampa, mwezi wa Agosti 2012, alipewa nafasi ya kuhutubia kwa masharti mawili: hotuba yake ipitiwe kwanza na watu wa Romney, na atamke kumuunga mkono kikamilifu. Mwenyewe alilieleza gazeti la New York Times kwamba alikataa. Kilichofuata ukumbini kinastahili kusimuliwa polepole. Ilani ya chama iliyopitishwa pale ilidai Benki Kuu ikaguliwe kila mwaka, na ikataka tume ya kutazama namna ya kuipa dola thamani thabiti. Maneno yalikuwa yake, au jamaa wa karibu wa maneno yake. Siku hiyohiyo ya tarehe 28, majimbo yalipoitwa moja baada ya jingine kutaja kura zao, wajumbe walisimama wakatangaza kwenye vipaza sauti vyao ni kura ngapi za Romney na ngapi za Paul. Katibu aliyekuwa jukwaani akairudia idadi ya Romney pekee. Kura 190 zilipigwa kwa jina ambalo jukwaa halikulitamka. Nusu ya wajumbe wa Maine walikuwa wameondolewa vitini mwao, na wenzao wengi wakatoka nje pamoja nao. Ilionyeshwa filamu fupi ya kumsifu mzee. Kumsifu ni jambo rahisi, mradi asiseme.

Hoja iliyokatwa haikai ilivyokatwa. Inaota upande mwingine. Donald Trump, alipokuwa mgombea mwanzoni mwa mwaka 2016, alitoa wito wa kuikagua Benki Kuu kwa maneno ambayo mfuasi yeyote wa Ron Paul angeyatambua. Hata vita vya Iraq aliviita kosa kubwa katika mdahalo wa Februari mwaka huo, palepale South Carolina, na safari hii aliyesema hivyo akashinda jimbo. Wengi walidhani hatimaye hoja imeazimwa nzima. Lakini alipokuwa Ikulu, mwaka 2018 na 2019, na tena mwaka 2025, malalamiko yake dhidi ya Benki Kuu yalikuwa kwamba haipunguzi riba vya kutosha, kwamba inabana pesa ilhali ingepaswa kuilegeza. Ron Paul alitaka benki hiyo ifungwe kwa kuwa pesa yake ni rahisi mno. Mwazimaji aliikaripia kwa kuwa pesa yake si rahisi kiasi anachotaka. Kelele ni zilezile, adui ni yuleyule, na madhumuni yamegeuka kichwa chini. Mtu anayesikia kelele tu hawezi kuzitofautisha, na ndiyo hasara hasa ya kuazima nusu: neno lililokuwa likimkemea mwenye nguvu huwa limechakaa kabla halijatumika, na siku litakapohitajika kwa kazi yake ya asili, wasikilizaji watadhani wamekwisha kulisikia.

Wako watakaosema kwamba hayo ndiyo maumbile ya siasa, na kwamba katika uchaguzi kila mtu huokota panapoanguka. Labda. Lakini sisi hatukubali udhuru huo kwa mtunzi anayechukua bahari ya mwenzake na kuitia maneno yanayoitukana maana yake, nasi huwa tunabishana juu ya shairi moja tu, si juu ya vita na mkate.

Inafaa kujua vilevile mwenyewe aliipokeaje hali hiyo. Tarehe 14 Novemba 2012, wiki moja baada ya Romney kushindwa na Obama, Ron Paul alisimama katika Baraza la Wawakilishi kutoa hotuba ya kuaga, akazungumza kwa zaidi ya dakika 40. Alisema kwamba kwa vipimo vya kawaida, kazi yake katika jengo lile tangu mwaka 1976 haikuzaa jambo kubwa: hapana sheria yenye jina lake, hapana jumba la serikali lililoitwa kwa jina lake, wala barabara. Kisha akaongeza kwamba kwa hayo ya majumba na barabara anashukuru. Dola haijapungua, vita havijakoma, aliendelea, na akarudi kwenye maswali yake yaleyale, mmoja mmoja, mbele ya viti ambavyo vingi vilikuwa vitupu.